Kubishana na Mtu Usiyemwona

Msomaji, kama umepata kuketi karibu na wazee wachezao bao barazani, umekwisha kuona mahakama isiyo na hakimu. Mchezaji akikosea kuhesabu kete, watazamaji hunong'ona kabla mwenzake hajasema neno. Akipaza sauti kupita kiasi, huona mara moja katika nyuso za watu kwamba amevuka mpaka. Basi huishusha, au hutia mzaha kidogo, watu wakacheka, na mchezo ukaendelea. Katika baraza kama hilo uso wa mtu hufanya kazi ya askari.

Lakini je, wafanyeje watu wanaocheza na wenzao walio mbali, wasioonana nyuso, na ambao pengine hata lugha yao ya nyumbani si moja? Siku hizi mwanafunzi wa Kisumu aweza kucheza na mtu wa Brazili kwa simu iliyo mkononi mwake, na wawili hao wakakosana kabla ya chai ya asubuhi. Wengi hudhani kwamba taabu hii imezaliwa na kompyuta. Sivyo. Ina umri wa miaka mia mbili, na dawa zake nyingi zilipatikana katika siku ambazo barua zilichukuliwa kwa magari ya farasi. Nataka tuifuate habari hiyo pamoja, wewe na mimi, tangu mwanzo wake.

Mwaka 1824 chama cha sataranji cha London na kile cha Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, vilipatana kushindana kwa barua. Sataranji, kwa asiyeijua, ni mchezo wa watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64, kila mmoja akiwa na kete 16. Hauna dadu wala karata za kuficha. Kila kitu ki wazi machoni pa wote wawili, hata mtu angedhani kwamba hapana nafasi ya ugomvi. Kamati ya London ilikutana, ikashauriana, ikaandika mwendo mmoja, ikautia posta. Gari la farasi likapanda kaskazini safari ya zaidi ya kilometa 600. Kamati ya Edinburgh nayo ikafanya vivyo hivyo, na jibu likashuka. Michezo mitano tu ilichukua zaidi ya miaka minne, ikamalizika mwaka 1828.

Kabla ya kuanza, pande zote mbili zilipatana masharti, na sharti moja lilikuwa kwamba mwendo ukiisha kutumwa haurudishwi. Bila shaka siku ile kila mtu aliliona kuwa jambo dogo. Lakini katika mchezo wa pili watu wa London walituma mwendo, kisha wakagundua kwamba wamekosea, wakaandika barua nyingine kuomba waubadili. Edinburgh wakakataa. Wakasema kwamba kilichotumwa kimetumwa. London waliona uchungu, maana walijua kosa lao lilikuwa la haraka wala si la ujinga; lakini mwendo ulisimama, na mchezo ule ukawapotea. Mwisho wa yote Edinburgh walishinda michezo miwili, London mmoja, na miwili ikatoka sare. Mpaka leo namna moja ya kuanza sataranji, ambayo ilitumiwa katika shindano lile, huitwa kwa jina la Uskoti.

Sasa tazama jambo hili kwa makini. Mimi naona Edinburgh walikuwa na haki, ijapokuwa hawakuwa na ukarimu. Mtu mwingine aweza kuona kinyume chake, na twaweza kubishana mpaka jua lichwe. Lakini hapana mtu aliyelazimika kuuliza kama watu wa Edinburgh walikuwa wema au wabaya, au kama watu wa London walikuwa waongo. Swali lilikuwa moja tu: tulipatana nini? Sharti lilikuwako kabla ya hasira, na kwa hiyo hasira ilipokuja ilikuta mlango umekwisha fungwa. Shindano halikuvunjika, liliendelea kwa muda mrefu baada ya ugomvi ule.

Usidhani kwamba mambo huenda hivyo siku zote. Miaka 30 baada ya shindano lile ukatokea ugomvi mwingine ambao haukuwa na sharti lililoandikwa, nao uliacha kovu ambalo wapenzi wa sataranji wanalizungumza hata leo. Mwingereza Howard Staunton alikuwa mchezaji mashuhuri sana. Mwaka 1843 alikwenda Paris akamshinda Mfaransa Saint-Amant, na tangu hapo wengi walimhesabu kuwa wa kwanza duniani. Tena alikuwa mwandishi: gazeti la Illustrated London News lilimpa safu ya sataranji ambayo yeye aliitawala. Huko New Orleans, Marekani, akainuka kijana aliyeitwa Paul Morphy, ambaye aliwashinda wote waliokuwa karibu naye. Marafiki wa Morphy walimwalika Staunton aje Marekani. Staunton akajibu kwamba safari ni ndefu mno, lakini kijana akija Ulaya hatakosa wa kucheza naye. Basi mwaka 1858 Morphy, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 21, akavuka bahari.

Alipofika, Staunton hakusema hapana wala hakusema lini. Aliomba muda wa kujitayarisha. Kisha akaomba muda mwingine. Kwa kweli alikuwa na kazi kubwa mikononi, maana alikuwa akitayarisha tamthilia zote za Shakespeare zichapishwe upya na maelezo yake, na wachapaji walikuwa wakimngoja. Hiyo ilikuwa sababu ya haki kabisa. Laiti angaliitaja wazi mapema! Badala yake maneno yakaanza kuonekana katika safu yake kwamba Morphy amekuja bila fedha za dau, na kwamba hana watu wa kumsimamia. Morphy akamwandikia barua ya wazi, yenye adabu lakini iliyonyooka, akimtaka ataje siku. Barua hiyo ilichapishwa katika safu ya Staunton ikiwa imekatwa sehemu yake.

Hapo ndipo kalamu inapokuwa silaha mbaya, mwenye kesi anapokuwa pia mwenye gazeti. Barazani Staunton asingaliweza kumziba mwenzake mdomo nusu ya sentensi; katika karatasi aliweza, na msomaji wa mbali hakuwa na njia ya kujua.

Morphy angaliweza kumtukana. Wapo waliomtukana Staunton kwa niaba yake, tena kwa wingi. Yeye alichagua njia nyingine: alimwandikia Lord Lyttelton, ambaye alikuwa rais wa chama cha sataranji cha Uingereza, akamweleza mambo yalivyokwenda, akaomba hukumu. Jibu la Lyttelton lilitoka mwezi wa Novemba mwaka ule ule, nami nadhani lafaa kusomwa na kila mtu atakayepata kuwa mwamuzi wa jambo lolote. Aliigawa kesi vipande. Kwa kukataa kucheza, alisema, Staunton alikuwa na haki, kwa sababu ya kazi yake. Kwa kutomwambia Morphy mapema na wazi, alikuwa na kosa. Na kwa ile barua iliyokatwa, Lyttelton alisema hajui ni nani hasa anayewajibika kwa mambo yanayochapishwa gazetini, lakini hata awe nani, hakuona udhuru wowote unaoweza kulitetea tendo lile. Umeona? Alihukumu tendo bila kumpa mtu jina la ubaya, na hakuona haya kumpa haki yake mtu ambaye katika jambo jingine alikuwa amekosa. Mechi yenyewe haikuchezwa kamwe. Hukumu njema haikuweza kuleta mchezo, lakini iliuwekea uvumi mpaka.

Baada ya barua ikaja simu ya maandishi, na waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 1897 wabunge watano wa Uingereza walicheza sataranji kwa waya na wenzao watano wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, wakatoka sare, mbili na nusu kwa mbili na nusu. Ni mara chache wabunge wameshindana bila hotuba. Mwezi wa Septemba 1945, mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilishindana kwa redio, wachezaji kumi kwa kumi, na Wasovieti wakashinda kwa pointi 15 na nusu dhidi ya 4 na nusu. Katika mashindano ya namna hii yafaa kila upande uwe na mjumbe katika chumba cha upande wa pili, aone kwa macho yake. Ni ule uso wa barazani, umetafutiwa mwakilishi.

Habari ya mwaka 1965 ni kali zaidi. Bobby Fischer, kijana wa Kimarekani, alialikwa Havana, Cuba, katika mashindano ya kumbukumbu ya Capablanca. Serikali yake ilimkataza kwenda, kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa na uadui. Akakubaliwa acheze akiwa New York, akipeleka miendo yake kwa mashine ya teleksi. Kabla hawajaanza, Fischer alisikia kwamba Fidel Castro amejisifu kuwa jambo hilo ni ushindi kwa Cuba. Akapeleka simu kumtaka Castro aahidi kwamba hatatumia mashindano yale kwa siasa, la sivyo atajitoa. Castro akajibu kwamba hakusema hivyo, na kwamba kama Fischer anaogopa, basi ni vema atafute udhuru mwingine. Jibu hilo halikuwa na asali, lakini lilijibu jambo lililoulizwa, wala halikuvunja mlango. Fischer akacheza. Alimaliza akishirikiana nafasi ya pili na wengine wawili, nyuma ya Vasily Smyslov kwa nusu pointi.

Mpaka hapa nimesema juu ya sataranji, ambamo ugomvi hutoka nje ya mchezo. Lakini upo mchezo mwingine ambamo ugomvi ndio mchezo wenyewe. Mmarekani Allan Calhamer aliuchapisha mwaka 1959, nakala 500 kwa gharama yake mwenyewe, akauita Diplomacy. Watu saba hushika dola saba za Ulaya kama zilivyokuwa kabla ya vita vya 1914: Austria, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Urusi na Uturuki. Hakuna dadu. Wachezaji hunong'onezana, huahidiana, kisha kila mmoja huandika amri za majeshi yake kwa siri, na amri zote hufunuliwa kwa pamoja. Hapo ndipo mtu hujua ni nani aliyemsaliti. Mwaka 1963 John Boardman wa Brooklyn, New York, alianza kuuendesha kwa posta, kwa kijarida alichokiita Graustark, na kabla ya miaka kumi kupita vijarida vya namna hiyo vilikuwako hata Uingereza.

Fikiri, msomaji, hatari iliyokuwamo. Umeandikiana barua na mtu usiyemjua kwa miezi mingi. Amekuita rafiki. Asubuhi moja unafungua bahasha, unakuta majeshi yake yamo ndani ya nchi yako, na barua zake zote tamu zilikuwa chambo. Je, umetukanwa, au umechezewa tu vizuri? Wengi walikosa kujua, na baadhi ya vijarida vikajaa magomvi yaliyodumu kuliko michezo iliyoyazaa.

Wale waliofanikiwa kuzuia moto usishike walifanya mambo mawili ambayo mimi nayahesabu kuwa ya busara sana. Kwanza, mwendesha mchezo hakucheza. Alikuwa mwamuzi mtupu, na kabla ya mchezo kuanza alichapisha kanuni za nyumba yake: barua iliyochelewa itahesabiwaje, amri iliyoandikwa vibaya itafasiriwaje, ni hila gani zinaruhusiwa na zipi hapana. Kumdanganya mpinzani kuliruhusiwa. Kujifanya wewe ndiwe mwamuzi, kwa kawaida, kulikatazwa. Yaani hata katika mchezo wa uongo palikuwa na jambo moja lisiloguswa.

Pili, wachezaji walipewa mahali pa kumwaga maneno yao. Pamoja na matokeo, kijarida kilichapisha taarifa za kubuni, kana kwamba zimetoka katika miji mikuu: Kaizari atangaza kwamba jirani yake ni mbweha, Sultani ajibu kwamba Kaizari hajaoga tangu Pasaka. Watu walicheka. Ghadhabu ya mtu wa kweli ilivikwa joho la mfalme wa uongo, na mchezo ulipokwisha joho lilivuliwa. Nadhani wahenga wetu wa utani wangelielewa jambo hili upesi kuliko wanasheria.

Kisha kompyuta zikaunganishwa, na barua iliyochukua wiki ikafika kabla mwandishi hajainua mkono. Hapa tuseme kweli: posta ilikuwa na rehema moja ambayo hatukuithamini. Mtu aliandika kwa hasira usiku, akalala, na asubuhi akiwa njiani kwenda posta akaichana barua yake. Kompyuta haina njia ya kwenda posta. Tena maneno yake hayana sauti. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walimu na wanafunzi walikuwa wakiandikiana kwa kompyuta, na mizaha ikaanza kudhaniwa kuwa habari za kweli. Tarehe 19 Septemba mwaka huo Scott Fahlman akapendekeza kwamba mwenye kutania aandike nukta mbili, kistari na mabano ya kufungia, alama ambazo zikitazamwa kwa upande hufanana na uso unaocheka. Watu wameucheka uvumbuzi huo, lakini wewe fikiri maana yake: miaka mia moja na hamsini baada ya London na Edinburgh, mtu aliurudisha uso barazani kwa alama tatu za uandishi.

Katika chuo hicho hicho alikuwako Daniel Sleator, mmoja wa walioendesha kituo cha sataranji cha kompyuta kilichofunguliwa mwaka 1992, ambapo watu wa nchi nyingi walicheza bila malipo. Kituo kile kilikuwa na amri ndogo ya manufaa: mchezaji aliyechoshwa na matusi ya fulani aliweza kuliandika jina lake katika orodha, na tangu hapo maneno ya fulani hayakumfikia. Hakumfukuza, hakumjibu, alimwacha aseme na upepo. Mwaka 1995 Sleator akakifanya kituo kuwa biashara yenye ada. Baadhi ya waliokuwa wamekitumikia bure walikasirika, wakaona jasho lao limeuzwa. Walibishana kwa maneno makali, kisha wakafanya jambo lililo bora kuliko maneno: wakaanzisha kituo chao cha bure mwaka huo huo. Vituo vyote viwili vikaishi, na mtu akachagua.

Mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, shirikisho la sataranji la dunia liitwalo FIDE lilifanya mashindano ya mataifa kwa intaneti. Zaidi ya nchi 160 zilishiriki. Kila timu ilikuwa na wachezaji sita, nao ilibidi wawemo mvulana na msichana wenye umri mdogo. Kwa hiyo watoto wa shule walikaa nyumbani kwao, kamera zikiwatazama, wakibeba bendera za nchi zao. Na kanuni ilikuwa ngumu kama ile ya 1824: mtandao ukikukatikia, saa yako inaendelea kuhesabu.

Katika robo fainali Armenia ilicheza na India. Haik Martirosyan wa Armenia alipotewa na mtandao akicheza na Nihal Sarin, kijana wa miaka 16, muda wake ukaisha. Armenia ikakata rufaa, ikisema kwamba kosa halikuwa lake. Rufaa ikakataliwa, na Waarmenia, kwa uchungu, wakajitoa katika mashindano. India ikaendelea mbele mpaka fainali, tarehe 30 Agosti, ikakutana na Urusi. Mechi ya kwanza ilikuwa sare, tatu kwa tatu. Katika ya pili mtandao wa intaneti ukaharibika katika sehemu nyingi za dunia kwa wakati mmoja, na miongoni mwa waliokatikiwa walikuwa Nihal Sarin yule yule na msichana wa miaka 14, Divya Deshmukh. Saa zao zikaisha, wakahesabiwa kuwa wameshindwa.

Sasa India ndiyo iliyokata rufaa. Wajumbe wa rufaa walichunguza, lakini hawakufikia uamuzi wa kauli moja. Ndipo rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, ambaye mwenyewe ni Mrusi, alipoamua kwamba timu zote mbili zipewe medali ya dhahabu.

Nikikuuliza, msomaji, kama uamuzi huo ulikuwa wa haki, sijui utajibu nini, na darasa lenu lote likiulizwa halitajibu neno moja. Tofauti ilikuwako: hitilafu iliyowapata Wahindi ilikuwa ya dunia, si ya nyumba moja, wala hapana mchezaji ambaye angeweza kuizuia. Lakini Warusi walikuwa mbele katika hesabu, na wangeweza kusema, kama Edinburgh, kwamba sharti ni sharti. Timu mbili zilipokea dhahabu na kupongezwa pamoja. Waarmenia walikuwa wamekwisha kuondoka siku mbili kabla, na uamuzi ule haukuwarudishia kitu. Mwaka 2021 mashindano yalifanyika tena kwa njia hiyo hiyo, na safari hiyo Urusi ilishinda peke yake.